Hakuna au Haijaonekana? Uhakiki wa Ramani za Alama za Mimea katika Bonde la Mto Thames

Mwaka wa 1960 Tume ya Kifalme iliyokuwa ikishughulikia orodha ya majengo na mabaki ya kale ya Uingereza ilitoa kitabu chembamba kiitwacho A Matter of Time, jina ambalo kwa lugha yetu twaweza kulifasiri "Ni Suala la Wakati". Kitabu hicho kilikusanya picha zilizopigwa kutoka angani pamoja na ramani zilizochorwa kutokana na picha hizo. Kilionyesha kwamba mabonde ya mito ya nchi hiyo, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa misitu na vinamasi visivyokaliwa na watu wengi, yalijaa makaburi, maboma, barabara na viwanja vya ibada vya watu wa kale. Mwaka wa 1974 Don Benson na David Miles waliifuata njia hiyo katika sehemu ya juu ya bonde la Mto Thames, wakatoa ramani za alama hizo ili ziwafae wale wanaopanga matumizi ya ardhi. Kazi haikukoma hapo, na tangu mwaka wa 2021 mtu yeyote mwenye intaneti aweza kuzitazama ramani za namna hii za sehemu kubwa ya Uingereza, zilizowekwa wazi na shirika la Historic England.

Ramani hizi ndizo ninazokusudia kuzihakiki. Huenda msomaji wa jarida hili akauliza mwanaisimu anatafuta nini katika shamba la shayiri. Jibu langu ni kwamba ramani ni usemi. Husema kwamba hapa pana kitu, na pale hapana. Kila usemi una sarufi yake, na mtu asiyeichunguza sarufi hiyo aweza kudhani ameambiwa jambo ambalo hakuambiwa. Nitajaribu kuonyesha kwamba ramani za alama za mimea husomwa kwa sarufi isiyokuwa yake, na kwamba Kiswahili kina viambishi viwili vitakavyotusaidia kulitambua kosa hilo.

Kwanza yafaa tueleze jinsi alama hizi zinavyotokea. Mtu wa kale alipochimba handaki kuzunguka boma lake, alilikata tabaka la changarawe lililo chini ya udongo wa juu. Handaki likaachwa, likajaa taratibu udongo laini. Karne zikapita, plau zikausawazisha uso wa shamba, hata apitaye asiweze kuona chochote. Lakini ule udongo uliojaa ndani ya handaki hushika maji kuliko changarawe iliyo kandoni mwake. Basi mvua zinapokosekana mwezi wa Juni na wa Julai, mizizi ya shayiri au ngano iliyoota juu ya handaki hupata maji, na mimea hiyo hurefuka na kubaki kijani siku kadhaa baada ya jirani zake kugeuka manjano. Palipo na msingi wa ukuta au barabara ya mawe mambo huwa kinyume: mizizi hukosa kina, mimea ikadumaa na kukauka mapema. Kwa mtu aliyesimama ardhini hiyo ni tofauti ndogo ya rangi na urefu; kwa aliye angani ni mchoro kamili.

Nilipata kulithibitisha jambo hili kwa macho yangu katika kiangazi kikavu cha mwaka wa 2018, niliposimama kando ya shamba la shayiri karibu na Dorchester, kusini ya Oxford. Nilikuwa na picha ya shamba lilo hilo mkononi, na katika picha duara lilionekana wazi kama lililochorwa kwa bikari. Nililitazama shamba kwa muda mrefu. Niliona shayiri.

Kuhusu jina, nimechagua kusema "alama za mimea" wala si "alama za mazao". Katika miaka ya ukame mkali hata nyasi za malishoni hutoa alama, nazo si mazao ya mtu. Isitoshe, neno mimea latukumbusha kwamba mwenye kuonyesha ni kitu chenye uhai, chenye msimu wake, chenye kiu yake. Kiunganishi -a katika "alama za mimea" kina maana mbili: alama zilizo katika mimea, na alama zinazofanywa na mimea. Kwa kawaida utata wa namna hiyo ni dosari katika istilahi. Hapa nauona ni faida, kwa sababu maana zote mbili ni za kweli.

Wakulima walikuwa wakiyaona mambo haya kabla ya wataalamu. William Camden, aliyetoa kitabu chake cha Britannia kwa mara ya kwanza mwaka wa 1586, alieleza habari za Richborough katika jimbo la Kent, mahali palipokuwa ngome na mji wa Warumi. Alisema kwamba nafaka inapoota huonekana mistari ya barabara zikikatana, kwa kuwa juu ya barabara hizo nafaka huwa haba, na kwamba watu wa pale waliziita njia panda hizo Msalaba wa Mtakatifu Augustino. Mtakatifu huyo alifika Kent mwaka wa 597, na Warumi walikuwa wamekwisha ondoka karibu karne mbili kabla yake. Hivyo jina lilikuwa na kosa la tarehe, lakini jicho halikukosea. Watu wale waliona alama, wakaipa jina, wakaitafutia sababu katika historia waliyokuwa nayo. Naye William Stukeley, mwaka wa 1719, aliona katika nafaka ya Great Chesterford mchoro wa jengo la Warumi. Nayataja haya ili tusidhani kwamba elimu hii ilianza na eropleni. Eropleni iliongeza kimo cha jicho. Haikuondoa hatari ya kuipa alama historia isiyo yake.

Aliyeifanya kazi hii kuwa elimu yenye kanuni ni O. G. S. Crawford, mtu aliyerushwa angani kama mtazamaji katika vita vya kwanza vya dunia, na ambaye tangu mwaka wa 1920 alikuwa afisa wa mambo ya kale katika idara ya ramani ya Uingereza. Mwaka wa 1928 yeye na Alexander Keiller walitoa kitabu cha picha za angani cha Wessex. Katika bonde la Thames mwenye sifa kubwa ni Meja G. W. G. Allen, mhandisi ambaye jamaa zake walikuwa na kiwanda cha mashine za kilimo huko Oxford. Katika miaka ya 1930 Allen alirusha ndege yake mwenyewe juu ya mashamba ya jirani na kupiga picha nyingi, ambazo baada ya kifo chake mwaka wa 1940 zilihifadhiwa katika Jumba la Ashmolean. Sehemu kubwa ya ujuzi wetu juu ya bonde hilo ilianzia katika kamera ya mtu huyo mmoja.

Crawford ndiye aliyeueneza mfano ambao wengi wameurithi: aliifananisha nchi na ngozi ya kale ya kuandikia, iliyokwanguliwa maandishi yake ya kwanza na kuandikwa upya, huku ya kwanza yakibaki kuonekana kwa mbali chini ya yale mapya. Msomaji wa pwani hana haja ya kuitafuta ngozi hiyo katika maktaba za Ulaya. Ataukumbuka ubao wa chuoni, ambao mtoto huandikiwa aya zake kwa wino wa masizi, akazisoma, kisha ubao ukaoshwa na kuandikwa nyingine. Ubao uliokwisha tumiwa miaka mingi haurudii kuwa mweupe kabisa. Weusi wa maandishi yaliyopita huutia kivuli.

Mfano huu ni mzuri, nami sina nia ya kuutupa. Lakini umeleta pamoja nao neno ambalo halikupimwa vya kutosha, nalo ni neno kusoma. Wataalamu wa picha za angani husema kwamba wanaisoma nchi. Sisi tunaotoka katika jamii ya chuo twajua kwamba kusoma na kufahamu ni mambo mawili: mtoto aweza kusoma juzuu nzima kwa matamshi sahihi kabla hajafahamu maana ya neno moja. Mpiga picha aliye angani husoma katika maana hiyo ya kwanza. Hutamka umbo: duara, mraba, mistari miwili sambamba. Kulifahamu umbo ni kazi nyingine, na aghalabu ni kazi ya jembe.

Hata kutamka kwenyewe kuna mitego. Shamba huonyesha herufi ambazo hazikuandikwa na mtu. Nyufa zilizofanywa na baridi kali ya enzi ya barafu hujaa udongo kama handaki, na mimea iliyo juu yake hutoa mistari inayokatana mfano wa mipaka ya viwanja. Kuvu wa malishoni huotesha duara za nyasi ambazo mtu asiye mzoefu aweza kuzidhania kuwa makaburi. Mabomba ya maji na mitaro ya vita vya 1939 hadi 1945 nayo huonekana, wala mmea hauna njia ya kutofautisha handaki la miaka elfu nne na handaki la miaka themanini. Kwa mzizi, maji ni maji.

Hapo tunafikia hoja yangu ya kwanza ya sarufi. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili hufundishwa tofauti ya -li- na -me-. Tukisema "handaki lilichimbwa", tunasimulia tukio lililopita, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: lini, na baada ya nini? Tukisema "handaki limechimbwa", tunaeleza hali: uchimbaji umekwisha na matokeo yake yapo. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka wa 1944, aliueleza vema uwezo huu wa -me- wa kuonyesha hali inayotokana na tendo lililokamilika. Sasa, alama za mimea husema kwa -me- tu. Shamba zima hutuambia: pamechimbwa, pamejengwa, pamezungushwa. Halina -li-, wala halina -ka- ya kupanga tukio baada ya tukio. Maneno ya miaka elfu nne hutamkwa yote kwa mara moja, kwa sauti ile ile, katika wiki mbili za Julai.

Tuchukue mfano wa Dorchester. Picha za angani zilionyesha hapo njia ndefu iliyopakana na mahandaki mawili sambamba, duara kubwa lenye mahandaki mawili, moja ndani ya jingine, na duara ndogo kadhaa zilizotapakaa. Katika picha vyote ni sawa: mistari myeusi katika nafaka iliyopauka. Mtu aweza kudhani kwamba ni kiwanja kimoja kilichopangwa siku moja na fundi mmoja. Richard Atkinson alipoanza kuchimba hapo mwaka wa 1946, na wengine waliokuja baada yake, ndipo ilipoanza kubainika lipi lilitangulia na lipi lilifuata, na leo twajua kwamba ile njia ndefu ilikuwa imekwisha kuwako karne nyingi kabla ya duara kubwa. Jembe ndilo lililoleta -li- na -ka-.

Waandishi wa kitabu cha 1960 na wale wa 1974 hawakuwa watu wa kudanganyika kirahisi, na haingekuwa haki kuwashtaki kwa kutoyajua haya. Lakini ramani ikishatoka mikononi mwa mchoraji huenda peke yake. Alama zote zimechorwa kwa wino mmoja katika karatasi moja, na jicho la msomaji huzifanya kuwa mji mmoja. Ramani imesema "pamechimbwa". Msomaji amesikia "walichimba". Kati ya vitenzi hivi viwili ameingia mtu mwenye jina, kabila na zama, ambaye mmea haukumtaja.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo yahusu pale ambapo ramani hainyeshi kitu. Karatasi nyeupe ni kanusho, na Kiswahili chatambua zaidi ya kanusho moja. Tukisema "hakuna", tunatoa hukumu juu ya ulimwengu: kitu hicho hakipo. Tukisema "haikuonekana", tunatoa taarifa ya tendo: tulitazama siku fulani, na siku hiyo hatukuona. Tukisema "haijaonekana", hatuhukumu wala hatufungi habari. Twasema kwamba mpaka sasa bado, na mlango wa matarajio uko wazi. Mama akiulizwa kama mwanawe amerudi, akijibu "hajarudi" huacha chakula juu ya meko. Akijibu "hakurudi" amekwisha funika chungu. Sarufi za shule huipanga -ja- kuwa kikanusho cha -me-, na mpango huo hapa wafaa kabisa: kama alama husema kwa -me-, basi ukosefu wa alama wapasa kusemwa kwa -ja-. Lakini ramani ina weupe mmoja tu kwa makanusho yote matatu, na msomaji mwenye haraka huchagua lile lililo kali kuliko yote. Husoma "hakuna".

Sababu za weupe huo ni nyingi, na nyingi kati yake hazina uhusiano wowote na watu wa kale. Ya kwanza ni udongo. Changarawe hupitisha maji upesi, na mimea iliyo juu yake huona kiu mapema. Udongo wa mfinyanzi hushika maji, na mimea yake huweza kumaliza msimu bila kutoa siri. Mwenye kuilinganisha ramani ya alama na ramani ya udongo ataona mara nyingi kwamba mpaka wa makazi ya kale, kama unavyoonekana, ni mpaka wa changarawe. Ya pili ni matope ya mto. Sehemu za chini za bonde la Thames zimefunikwa na matope yaliyoletwa na mafuriko, na chini ya matope hayo mahandaki hulala mbali mno na mizizi. Huko Farmoor, karibu na Oxford, uchimbaji uliofanywa wakati wa ujenzi wa bwawa la maji, na kutangazwa na George Lambrick na Mark Robinson mwaka wa 1979, ulionyesha kwamba watu wa Zama za Chuma walikuwa wakiishi katika ardhi ya mafuriko kwa msimu, wakilisha mifugo yao wakati wa kiangazi na kuihama maji yanapopanda. Wafugaji hao walikuwapo. Matope ndiyo yaliyowanyamazisha.

Ya tatu ni kilimo chenyewe: shayiri na ngano husema upesi, nyasi husema katika ukame mkali tu, na msitu hausemi. Ya nne ni mwaka, kwani mwaka wa mvua nyingi hufunga kinywa cha bonde zima, na miaka kama 1976 na 2018 hulifungua. Ya tano, ambayo wahakiki wameitaja kwa unyonge, ni mrukaji. Allen alirusha ndege kutoka karibu na kwao. Mtu hurudi pale alipokwisha ona kitu, na huko huona zaidi. Pale asipoona mara ya kwanza hapiti tena. Hivyo ramani hubeba ndani yake mazoea ya watu wachache, saa walizokuwa na nafasi, na petroli waliyoweza kuilipia.

Kama msomaji adhani naikuza hatari hii, na atazame bonde jingine la mto, lile la Boyne katika Ireland. Hapo pana kaburi kuu la Newgrange, lililochimbwa na M. J. O'Kelly tangu mwaka wa 1962 hadi 1975, na bonde hilo liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 1993. Ni vigumu kutaja mahali palipotazamwa na wataalamu kuliko hapo. Lakini tarehe 10 Julai 2018, katika ukame ule ule nilioutaja, Anthony Murphy na Ken Williams walirusha ndege ndogo zisizo na rubani, na katika shamba lililo mwendo mfupi kutoka Newgrange wakaona duara kubwa ambalo halikuwa limejulikana. Kabla ya siku hiyo, mtu aliyesema kwamba katika shamba lile "hakuna" alikuwa na miaka mingi ya utafiti nyuma yake, naye alikosea. Aliyesema "haijaonekana" alikuwa sahihi mpaka asubuhi ya siku hiyo, na jioni yake hakuwa na neno la kujutia.

Huenda mtu akasema kwamba huu ni ubishi wa wanasarufi, na kwamba "hakuna" na "haijaonekana" hufika pale pale. Hazifiki pale pale. Changarawe inayozionyesha alama ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa na wajenzi wa barabara na majumba. Hilo ndilo lililokipa kitabu cha 1960 jina lake na uchungu wake: waandishi waliona kwamba machimbo yalikuwa yakiyala mabonde haraka kuliko wachimbaji wa mambo ya kale walivyoweza kuyafikia. Dorchester yenyewe ni ushahidi. Sehemu kubwa ya ile njia ndefu iliondoka pamoja na changarawe, na leo mahali pake pana maji. Yaliyosalia ni picha, michoro na taarifa za uchimbaji.

Basi fikiria afisa anayeombwa ruhusa ya kuchimba changarawe katika mashamba mawili, moja lenye alama katika ramani na jingine jeupe. Ni jambo la busara kwake kulilinda la kwanza na kulitoa la pili. Kama weupe una maana ya "hakuna", amefanya vema. Kama una maana ya "haijaonekana", ametoa asichokijua. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 1990 serikali ya Uingereza iliwaelekeza wapangaji kutaka ardhi ichunguzwe kabla ya kuamua juu ya ujenzi au uchimbaji, na mifereji ya majaribio inayokatwa katika ardhi nyeupe mara kwa mara hutoa mabaki ambayo hakuna picha iliyoyaonyesha. Jambo hilo ni la kusifiwa, nalo launga mkono hoja yangu. Lakini kati ya 1960 na 1990 ni miaka thelathini, na katika miaka hiyo machimbo mengi yalifunguliwa katika weupe. Machimbo hubadilisha kitenzi: kile kilichokuwa "hakijaonekana" huwa "hakitaonekana".

Wenye kuzitetea ramani hizi watanijibu kwamba kila ushahidi una mipaka yake, na kwamba mwanaisimu mwenyewe hujenga historia ya lugha kwa maneno machache yaliyosalia katika hati chache. Nakubali. Kiswahili kina hati za kale chache, na neno lisiloonekana katika hati ya karne ya kumi na nane laweza kuwa lilisemwa kila siku sokoni. Ndiyo sababu sisi tumefundishwa kuandika kwamba neno fulani "halijapatikana kabla ya mwaka fulani", wala si kwamba "halikuwapo". Adabu hiyo ndogo naiomba kwa wachoraji wa ramani.

Nasi wa pwani tuna sababu ya kulisikiliza jambo hili. Kwa muda mrefu historia ya miji ya Waswahili iliandikwa kwa kufuata mawe. Palipokuwa na msikiti wa matumbawe na nyumba ya mawe, mtafiti aliona mji. Palipokuwa na nyumba za udongo na makuti aliona uwanja mtupu. Utafiti ulioongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher huko Songo Mnara, kwa vyombo vinavyopima ardhi bila kuichimba na kisha kwa uchimbaji, ulionyesha kwamba baina ya nyumba za mawe zilikuwako pia nyumba za fito na udongo. Watu wengi wa pwani waliishi, wakazaa na wakafa katika nyumba za namna hiyo. Jiwe kwetu lilifanya kazi ambayo changarawe ilifanya huko Thames: liliwaonyesha baadhi ya watu na kuwaficha wengine, kisha tukawadhania waliofichwa kuwa hawakuwako.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, ramani za alama za mimea ziwe na namna mbili za weupe zinazotofautiana kwa macho: moja kwa mahali palipotazamwa katika udongo unaoweza kusema, kwa mimea inayoweza kusema, katika mwaka wa kiu, na nyingine kwa mahali ambapo sharti moja au zaidi kati ya hayo halikutimia. Ya kwanza tuiite "haikuonekana", ya pili "haijaonekana". Neno "hakuna" liachwe kwa jembe. Pili, kila alama iandikiwe mwaka ilipoonekana na idadi ya mara ilipoonekana, kwa kuwa duara lililoonekana mara moja tu katika ukame mmoja si sawa na duara linalorudi kila kiangazi. Tatu, maelezo ya ramani yasitumie kitenzi cha masimulizi pale ambapo ushahidi ni wa hali. Mchoraji aseme "pamezungushwa handaki", amwachie mchimbaji kusema "walizungusha".

Hayo hayaipunguzii heshima kazi ya Crawford, ya Allen, wala ya waandishi wa mwaka wa 1960. Walitupa bonde ambalo hatukujua tunalo. Kitabu chao kidogo kilisema mapema kwamba muda ulikuwa ukipita, na kilisema kweli. Pungufu lake ni kwamba kilihesabu hasara ya yale yaliyoonekana tu. Hasara ya yale ambayo hayajaonekana haina hesabu, wala haitakuwa nayo, mpaka ramani zetu zijifunze kulisema neno "bado".